Nani Anastahili Kimya?

Chukua kipande cha mpira, unene wake kama chapati mbili zilizobebana, ukiweke kati ya reli na taruma. Ndio hivyo tu. Katika miji mingi yenye treni za chini ya ardhi, kidude hicho ni sehemu ya jibu la kama mtu aliye juu ya handaki atalala au atahesabu treni hadi asubuhi. Kuna mikeka ya mpira inayolazwa chini ya kokoto pia. Na pale wahandisi wanapotaka kimya cha kweli, humwaga bamba zito la zege ndani ya handaki na kulikalisha lote juu ya springi au vipande vya mpira, treni ipite juu ya kitu kinachoelea.

Naipenda teknolojia hii kwa sababu haina maringo. Hakuna mtu anayepiga selfie na pedi ya reli. Lakini kadiri ninavyoisoma ndivyo inavyonirudisha kwenye swali ambalo si la uhandisi hata kidogo: kimya kikigawanywa, nani anapewa, na kwa nini yeye?

Wengi hudhani mpira unameza mtetemo jinsi sponji inavyonyonya maji. Humeza kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kuuzuia usivuke kuingia ardhini, na hauzuii wote. Kila uzito unaokalia springi una mwendo wake wa asili, kama bembea. Mtetemo wa kasi zaidi ya mwendo huo, kwa mbali, hauvuki. Ule wa polepole unapita kana kwamba mpira haupo. Na ule unaolingana nao, manze, huongezeka. Msukume mtoto kwenye bembea kila anaporudi, uone atafika wapi. Kuna jingine ambalo halisemwi sana: reli iliyokalia pedi laini hucheza zaidi, na chuma kirefu zaidi hulia hewani. Aliye juu ya handaki anapumzika, huku abiria, au mtu anayeishi kando ya njia iliyo wazi, akiongezewa kelele. Kwa hivyo mhandisi anayechagua ulaini wa pedi anachagua pia masikio ya nani yatateseka.

Angalia London. Reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, ina bamba zito linaloelea inapopita chini ya Barbican, kwenye ukumbi mkubwa wa muziki. Soho, mtaa wa studio za kurekodi, ilipata bamba linaloelea pia, jepesi kidogo. Seattle, Marekani, treni inapita chini ya chuo kikuu cha Washington, na hapo reli imeelezwa kwa sababu vifaa vya wanafizikia haviwezi kuvumilia kutikiswa. Sina ugomvi na fidla wala na hadubini. Ukumbi wa muziki unaonguruma kila baada ya dakika mbili ni godown tu. Anayehitaji zaidi apewe zaidi. Hoja hiyo naikubali. Kinachonisumbua ni kwamba hitaji halijisemei lenyewe. Ukumbi una wakurugenzi, chuo kina mawakili, na mtoto wa miezi mitatu ana mama ambaye kesho anaamka saa kumi na moja kwenda kazini.

Kuna kesi moja ya zamani ambayo wanafunzi wa sheria hata hapa kwetu huisoma: Sturges dhidi ya Bridgman, 1879. Bridgman alikuwa mtengenezaji wa peremende pale Wigmore Street, London. Jikoni mwake kulikuwa na vinu viwili vikubwa, na kwa zaidi ya miaka 20 alitwanga. Kisha jirani yake, daktari Sturges, akajenga chumba cha kuwaona wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukuta kwa ukuta na jiko lile. Mtetemo wa mchi ukamfikia. Akaenda kortini, na akashinda. Mmoja wa majaji alieleza kwamba kero hupimwa kulingana na mtaa: kinachokera katika mtaa wa matajiri si lazima kihesabiwe kero kule kwa wachuna ngozi.

Mwaka 1960 mchumi Ronald Coase aliitumia kesi hiyo kutoa hoja maarufu. Alisema madhara yana pande mbili. Mchi ulimdhuru daktari, ndiyo, lakini kunyamazisha mchi kulimdhuru mtwangaji. Swali, kwa Coase, ni madhara yapi ni makubwa zaidi. Ni hoja ya akili sana, na inaifaa reli vizuri, kwa sababu sote tunataka treni. Ila ukipima madhara kwa pesa, usingizi wa mtu wa kipato kidogo utakuwa wa bei rahisi daima.

Sasa njoo Nairobi. Reli ya zamani iliyofika Kisumu mwaka 1901 inapita katikati ya Kibera, na kwa miaka mingi watu wamelala, wamepika na wameuza sukuma hatua chache kutoka kwenye chuma. Ukilitaja jambo hilo, kuna buda atakujibu haraka: reli ilitangulia, wao walijileta. Sawa. Lakini mtwangaji wa Wigmore Street naye alitangulia, na alishindwa. Kutangulia hakukumfaa kitu mbele ya daktari, ila kunaifaa reli mbele ya mwenye keja ya mabati. Nikiona kanuni inayogeuka kulingana na anayelalamika, siiiti kanuni.

Ndiyo maana naupendelea mwongozo mkavu wa serikali ya Marekani wa mwaka 2018 kuhusu kelele na mitetemo ya usafiri wa umma. Kundi la kwanza ni majengo yenye vifaa nyeti, kama maabara. Kundi la pili ni mahali popote ambapo watu hulala. Hauulizi kodi ya nyumba ni ngapi wala mtaa unaitwaje. Mtu analala hapa? Basi mtetemo usizidi hapa. Hata ukumbi wa muziki uliopewa kipimo chake maalum haufuti kundi hilo. Tena nyumba nyepesi huitikia mtetemo wa ardhi kuliko jengo zito la mawe, kwa hivyo ukilinda usingizi kwa kweli, mwenye ukuta mwembamba ndiye atakayekugharimu zaidi.

Sidai Kibera ijengewe bamba la zege linaloelea. Kwenye reli ya juu ya ardhi kelele nyingi husafiri hewani, na pedi haiwezi kuizuia. Mambo ya kuanza nayo ni ya kawaida kabisa: kuchomelea viungo vya reli, kusugua chuma kilichoota mawimbi, kuchonga upya magurudumu. Gurudumu lililoburutwa na breki kali hubaki na sehemu bapa, na tangu siku hiyo hupiga reli kila linapozunguka, pa, pa, pa. Muulize anayelala karibu na njia. Atakuambia ni behewa la ngapi.