Je, Nia Njema Yatosha?



Sisi tumezoea kuanza kila jambo kwa nia. Mwenye kumuuguza mgonjwa kwa nia safi huheshimiwa na watu, na twatumaini kuwa thawabu yake haipotei. Lakini liko swali tusilojiuliza mara nyingi: je, nia njema peke yake yamtosha yule anayeuguzwa?

Hebu tulizingatie swali hili kwa jambo linalojulikana katika nyumba nyingi, nalo ni kidonda kisichopona: donda la mguuni la mwenye kisukari, au la mgongoni mwa mzee aliyelala kitandani miezi.

Watu wa zamani, na madaktari wengi pamoja nao, waliamini kuwa kidonda sharti kikauke. Basi walikiacha wazi kipate upepo, kifanye kigaga. Walifanya hivyo kwa mapenzi. Mwaka 1962 mtaalamu wa Uingereza, George Winter, alitangaza majaribio aliyoyafanya kwenye ngozi ya nguruwe. Majeraha mengine aliyaacha wazi, mengine aliyafunika kwa plastiki nyembamba ili unyevu usipotee. Yaliyofunikwa yalipata ngozi mpya upesi zaidi, kiasi cha mara mbili. Sababu yake si ngumu kufahamika. Ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni mwa jeraha kuelekea kati. Penye unyevu hupita kwa urahisi. Palipokauka hukuta kigaga, ikalazimika kujipenyeza chini yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walieleza namna ya kutengeneza kitu laini chenye kushika maji kitakachofaa kutumika mwilini. Kazi yao ndiyo iliyoleta lenzi laini za kuvaliwa machoni. Vitu vya jamii hiyo huitwa haidrojeli, na leo hutumiwa pia kufunikia vidonda. Ukiviona utadhani ni ute wa shubiri. Ni wavu wa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na sehemu yake kubwa ni maji. Haidrojeli ikiwekwa juu ya kidonda kikavu hukipa unyevu, hulainisha nyama iliyokufa mpaka mwili wenyewe uitoe, na hupoza maumivu. Tena haishikani na jeraha, kwa hivyo siku ya kubadilisha mgonjwa haumizwi upya.

Sasa fikiri. Aliyekikausha kidonda na aliyekitia unyevu, wote wawili nia yao ni moja, na matokeo ni mbalimbali. Mgonjwa haifikiwi na nia yetu, hufikiwa na mikono yetu. Asiyejua hana lawama. Lakini aliyeelezwa na muuguzi, naye akajibu, "Sisi ndivyo tulivyozoea," huyo amependa mazoea yake kuliko mgonjwa wake.

Wala usidhani kuwa kujua ni kununua kitu kipya tu. Yuko anayenunua haidrojeli kwa bei ghali, akaibandika kwenye wayo wa mama yake mwenye kisukari, kisha akamwacha akanyagie donda hilohilo kutwa nzima. Haidrojeli haishushi sukari, haizibui mishipa ya damu, wala haimgeuzi ubavu aliyelala. Kidonda chenye kutoka maji mengi hakiifai, kwani ngozi ya kando huzidi kulowa na kuharibika. Hata wataalamu waliopima utafiti wa vidonda vya miguu ya kisukari mwaka 2013 walisema kuwa zipo dalili za kuwa haidrojeli yashinda bandeji za kawaida, ila ushahidi wenyewe haujawa imara. Basi huyo mnunuzi naye ana nia njema, na mama yake yu palepale.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, mwenye kuuguza yampasa mambo matatu. Kwanza, aulize: kidonda kisichoonyesha dalili ya kufunga baada ya wiki nne kina sababu, na sababu hiyo hutafutwa hospitali. Pili, atazame kila siku: harufu mbaya, joto, wekundu unaoenea, homa, au kidole kuwa cheusi, ni mambo ya kukimbilia kwa daktari siku hiyohiyo. Asione haya, mficha maradhi kifo humuumbua. Tatu, awe tayari kuacha alilolizoea likionekana halifai, hata kama alifundishwa na ampendaye.

Nia njema ndiyo inayomwamsha mtu usiku akamgeuze mgonjwa. Hatuidharau. Lakini nia iliyo ya kweli haikasiriki inaporekebishwa, kwa kuwa makusudio yake ni mgonjwa apone.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, na atujaalie sisi tunaowauguza moyo wa kujifunza. Amin.