Neno na Njia

Neno saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kaa. Waganga wa kale wa Kiyunani waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo, na waliofuata wakaifuata tafsiri hiyo. Leo neno hilo la ufukweni limepanda hadi nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa watu wasemao Kiiraqw na Kidatoga. Hapo ndipo lizukapo swali la maadili: je, ni haki kumpelekea mzazi neno la kutisha, ilhali njia ya kuifikia dawa hatujampelekea?

Wako wasemao kuwa si haki, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mzazi aambiwaye kuwa mwanawe ana maradhi yasiyotibika pale alipo, amepewa huzuni tupu. Lakini hoja hiyo imesimama juu ya dhana mbovu, kwamba saratani na mauti ni kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 huugua kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kwa kila 100 hupona; katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Kinachowatenga ni kuchelewa kutambuliwa, kukosa tiba, au kuikatisha kabla haijakamilika. Basi anyamazaye hamwepushi mzazi na huzuni. Anamnyima mtoto muda.

Dalili zenyewe hazijifichi sana. Mboni ya jicho hung'aa weupe gizani, taya huvimba, mama amwogeshapo mtoto hugusa uvimbe tumboni, homa haikomi, na ngozi huvilia damu bila ya pigo. Wa kwanza kuyaona hayo ni mama au bibi, na mwenye macho haambiwi tazama. Twapenda kusema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mama aliyempeleka mtoto zahanati mara tatu, akarudishwa kila mara na dawa ya malaria au ya minyoo, huyo kaficha nini? Uhamasishaji unaomlenga yeye peke yake humbebesha lawama isiyo yake. Anayestahili kuamshwa kwanza ni yule anayepaswa kumsikiliza.

Historia ya Afrika ya Mashariki inao mfano. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza nani ameuona ugonjwa ule na wapi. Majibu ya hospitali za mashambani ndiyo yaliyoonyesha kuwa uvimbe huo hufuata joto na mvua, na huadimika penye baridi ya milimani. Elimu kubwa ilianza kwa mtu kuuliza na kusikiliza.

Wilayani Mbulu ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Huo ni mlango, na mlango ni neema. Lakini tiba ya saratani ya mtoto huchukua miezi, na aghalabu humpeleka mbali, hadi KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Ni nani atakayelipa nauli? Mama atalala wapi? Ng'ombe watakamwa na nani, na wadogo waliobaki watakula kwa nani? Anayemwambia mzazi "wahi" bila ya kuyajibu hayo amempa amri, hajampa msaada.

Nionavyo mimi, ujuzi wa namna hii ni amana, na kuutangaza ni kukiri deni. Jamii inayotamka neno imejifunga kuifungua njia. Kwa hiyo tangazo litakalosomwa Katesh au Dongobesh, kwa Kiswahili, kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga, lisiishie kwenye dalili. Litaje pia mtu wa kuonana naye, mahali pa kulala, na mfuko utakaolipa nauli. Pasipo hayo, kaa wetu wa pwani atakuwa ameupanda mlima ili kuuma tu.