MKONO WACHEZA, SIKIO LASIKIA: JE, MOYO UKO WAPI?

Baadhi ya vijana wetu wa hapa Lunga Lunga wametuletea darasani suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini mtu akilipekua huliona lina mizizi mirefu. Wauliza hivi: mtu akiwa na simu au kompyuta, mkono wake wacheza mchezo mwepesi wa kupumzisha akili, na huku sikio lake lasikiliza darsa, khabari au mazungumzo yaliyorikodiwa, haya ambayo siku hizi huitwa podikasti, je, kuna ubaya? Na je, huko ni kusikiliza kweli au ni mtu kujidanganya nafsi yake?

Sisi si mamufti, wala hatukusudii kutoa hukumu ya halali na haramu. Mchezo wenye kamari hukumu yake yajulikana, nao hatuuzungumzi. Twataka tu kufikiri pamoja na ndugu zetu juu ya haki ya sikio na haki ya moyo.

Yapasa kwanza tuseme kweli juu ya hali yetu. Mji wetu ni mji wa kungoja. Huku ni Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, na kati yake malori hupanga safu. Dereva hungoja karatasi zake, wakala hungoja muhuri, kijana wa bodaboda hungoja abiria. Mtu angojaye hutaka kitu cha kushika mkononi. Zamani alishika kete za bao au karata. Leo ashika simu. Basi asilaumiwe kabla ya kusikilizwa.

Wala kuchanganya kazi ya mkono na kazi ya sikio si uzushi wa zama hizi. Mama zetu wa Vanga na Msambweni walisuka ukili huku wakisimuliana hadithi, na wavuvi washona nyavu zao huku wakipeana khabari za bahari. Hapana aliyesema kuwa watu hao hawasikilizi. Lakini tukumbuke jambo moja. Msimulizi alianza kwa kusema "Paukwa!", na hakuendelea mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Mkono ulikuwa na kazi yake, lakini ulimi ulitakiwa utoe ushahidi kuwa moyo upo. Podikasti haina paukwa wala haingoji pakawa. Yaendelea kusema hata kama msikilizaji amelala usingizi.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka wa 1953 Mwingereza Colin Cherry alieleza majaribio ambayo watu walisikilizishwa maneno mbalimbali katika kila sikio, wakaambiwa wayakariri ya upande mmoja. Ya upande wa pili walijua kuwa ni sauti ya mwanamume au ya mwanamke, lakini yaliyosemwa hawakuweza kuyaeleza. Na lugha ilipobadilishwa ikawa Kijerumani, wengi hawakutambua. Hii yaonyesha kuwa sauti hufika sikioni na maana ikabaki nje. Lakini mwaka wa 2009 Jackie Andrade, naye wa Uingereza, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu wa kuchosha. Nusu yao aliwapa kazi ya kutia rangi vijumba kwa penseli, na hao walikumbuka zaidi ya wenzao kwa asilimia 29. Basi maneno mawili hushindana, lakini kazi nyepesi isiyo na maneno huenda ikamzuia mtu asizame katika mawazo yake mwenyewe.

Kwa hivyo michezo si hali moja. Uko mchezo utakao akili yote. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji anapohesabu mtaji wake hata salamu huisikia kwa mbali. Wa kompyuta ulio mfano wa huo haufai kuwekwa pamoja na darsa. Uko mchezo utakao mkono na jicho tu, kama Tetris aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka wa 1984, inapokwenda polepole, au ule wa kupanga karata peke yako uliokuja na Windows mwaka wa 1990. Na wako vijana wanaopenda mchezo wa kuendesha malori uitwao Euro Truck Simulator 2, uliotolewa mwaka wa 2012: barabara ndefu, mizigo, na sikio li huru. Twacheka kidogo kuwa malori ya kweli yamesimama mlangoni pao, lakini mchezo huo hautuonyeshi dhara.

Aina ya tatu ndiyo ya kuogopwa: mchezo uliotengenezwa ili usiachwe. Candy Crush, iliyotoka mwaka wa 2012, humpa mchezaji roho tano. Zikimwishia hungoja zirudi moja moja, au hutoa pesa. Mtu aliyekwisha kuingizwa katika hesabu hiyo hana pumziko, na sikio lake limekodiwa.

Kadhalika yasikizwayo hayalingani. Qur'ani ina hukumu yake mbali: katika Suratul A'raf, aya ya 204, twaamrishwa tuisikilize na tunyamaze inaposomwa, na mkono uchezao haujanyamaza. Mazungumzo ya kupitisha wakati ni mepesi. Yakikupita neno, hakuna aliyedhurika. Baina ya hayo mawili ndipo ilipo ilimu, na ndipo penye mjadala.

Kijana mmoja alituambia: "Bila ya mchezo mimi nisingesikiliza kabisa. Je, nusu ya darsa si bora kuliko kukosa yote?" Hoja yake ina nguvu, nasi hatuikatai. Lakini twamwambia: kujua nusu si balaa, balaa ni kudhani nusu ndiyo nzima. Asiyejua naye ajua kwamba hajui, huuliza. Lakini yule aliyeachiwa darsa ya saa nzima ipite sikioni mwake husema, "Hilo nimekwisha kulisikia," naye huufunga mlango wa kuuliza kwa mkono wake. Kisha huketi barazani akawafundisha wengine, na yale aliyoyakosa alipokuwa akipanga karata huyajaza kwa dhana yake. Ndivyo maneno ya wanavyuoni yanavyopinduka, na msemaji haoni kuwa amesema uongo.

Mwandishi wa maneno haya hajitoi katika lawama. Dada yangu mkubwa aliyeko Tanga aliniletea ujumbe wa sauti mrefu kwa simu. Niliufungua huku nikipanga karata zangu. Nilisikia sauti yake, nikasikia salamu za watoto na khabari za mvua, na ulipokwisha nikamjibu, "Alhamdulillahi, twashukuru kusikia mu wazima." Kumbe katikati ya maneno yale alinieleza kuwa wiki ile angelazwa apasuliwe, na kuwa aogopa. Alinijibu neno moja tu: "Haya." Mungu alimponya, nasi twazungumza kama kawaida, lakini lile "Haya" lake sijalisahau mpaka leo. Sikumdhulumu kwa mchezo, maana mchezo ni karata tu; nilimdhulumu kwa kumpa jibu la mtu aliyesikia, nami sikusikia.

Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Hanzala alimshitakia Mtume (rehema na amani zimshukie) kuwa akiwa mbele yake huwa kama aionaye Pepo kwa macho, na arudipo kwa wake, watoto na mashamba husahau mengi. Mtume hakumkemea, bali alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Wengi hupenda kuitaja hadithi hii wanapotaka kupumzika, nao wana haki. Lakini tuitazame vizuri: ni saa na saa, wala si mambo mawili yaliyorundikwa katika saa moja. Na wazee wetu walisema, mshika mawili moja humponyoka.

Basi rai yetu ni hii. Mchezo na uwe mkeka, na neno liwe mgeni aliyekaa juu yake. Siku mkeka unapotaka kuangaliwa kuliko mgeni, ukunjwe. Na kwa kuwa sauti iliyorikodiwa haitudai pakawa, tujidai wenyewe: darsa ikisha, weka simu chini, umsimulie mwenzio kwa maneno yako mambo mawili uliyoyapata. Ukiweza, mkono wako haukukuharibia kitu. Ukishindwa, usiseme umesikia. Irudie mikono mitupu, au uulize. Ama sauti ya mzazi, ya ndugu, au ya mtu mwenye shida, hiyo haina mkeka. Isikilize peke yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale wanaosikia wakafahamu, na atusamehe majibu tuliyoyatoa bila ya kusikia. Amin.