Nguo Alizozishona Dorkasi

Novemba ikikaribia, ofisi ya parokia hujaa bahasha. Kila familia huandika majina ya marehemu wake na kuweka sadaka ya Misa, na bahasha hizo hukaa karibu na altare mwezi mzima. Ukizisoma utaona zinafanana. Juu kuna majina mawili matatu kamili: baba mzazi, mama mzazi, kaka aliyeondoka juzijuzi kwa ajali ya bodaboda. Kisha kumbukumbu inaisha, au wino unaisha, na mstari wa mwisho unasema "na marehemu wote wa ukoo wetu". Mungu anawafahamu wote hao, kwa hiyo sala haipungukiwi kitu. Tunaopungukiwa ni sisi. Yule bibi aliyekuwa wa kwanza katika ukoo kupokea ubatizo, na kwa ajili hiyo akasemwa na mji mzima, naye amezama humo humo katika mstari wa mwisho.

Desturi ya kuwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba tumeipokea kutoka kwa Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, aliyeiagiza kwa monasteri zake takriban miaka elfu moja iliyopita. Mnajua pia kwamba kuanzia tarehe 1 hadi 8, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu huwapatia rehema kamili, akitimiza masharti yake: kitubio, komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Upande huo sina la kuwafundisha, maana mnajitahidi. Wiki hii nataka tutafakari kuhusu kukumbuka kazi zao.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 9, kuanzia aya ya 36. Huko Yafa amefariki mwanamke mmoja mfuasi wa Bwana, Tabitha, ambaye pia aliitwa Dorkasi. Mwili umeoshwa, umelazwa chumba cha juu. Petro anaitwa kutoka Lida. Akifika, hapewi risala yoyote. Wajane wanamzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea Dorkasi alipokuwa pamoja nao. Luka hatuambii alizaliwa mwaka gani, alikuwa mtoto wa ngapi, aliolewa au hakuolewa, wala ni ugonjwa gani uliomuua. Anatuambia alichoshona na alimshonea nani.

Sasa linganisheni na wasifu unaosomwa kwenye misiba yetu. Mimi nimesikia mwingi, na mara nyingi ningeweza kuumalizia kabla msomaji hajafungua karatasi ya pili. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi fulani. Aliajiriwa, akahamishwa, akastaafu. Hapo msomaji anavuta pumzi, kwa sababu sehemu ndefu kuliko zote ndiyo inaanza: marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari, akapelekwa zahanati, akapewa rufaa, akalazwa, akaruhusiwa, hali ikabadilika usiku, akakimbizwa tena. Tunaambiwa hata saa aliyokata roho. Kisha mjane, watoto, wajukuu, na yale maneno ya Ayubu, ambayo waombolezaji wote huyaitikia kwa moyo.

Silaumu. Familia imekesha hospitali wiki nzima, na anayeandika wasifu ni kijana aliyeambiwa alfajiri kwamba saa nne watu watakuwa wamejaa uwanjani. Ataandika nini zaidi ya yaliyo kwenye vyeti na yale aliyoyaona wodini? Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyeishi miaka 78 anazikwa kwa historia ya miezi yake miwili ya mwisho.

Na wanawake ndio wanaopunjwa zaidi. Baba angalau ana ajira ya kutajwa. Mama husomewa sentensi moja, kwamba alikuwa mama wa nyumbani na mkulima, basi tunasogea kwenye ugonjwa. Nakumbuka mazishi ya mama mmoja mzee. Wasifu wake ulikuwa hivyo, mfupi, wenye heshima, hauna kosa. Tulipofika kwenye salamu za majirani, akasimama mwanamume wa makamo ambaye familia ilikuwa haimjui vizuri. Alisema kwamba wakati wa njaa, yeye akiwa darasa la pili, mama huyu alikuwa akimwita kila akitoka shule na kumpa uji, naye akadhani ni mtoto peke yake aliyeitwa. Wengine wakaanza kuinua mikono pale walipoketi, maana nao walikuwa wameitwa. Watoto wa marehemu walitazamana. Hawakuwahi kuambiwa.

Hilo ndilo fundisho la wajane wa Yafa: anayejua utumishi wa marehemu vizuri zaidi ni yule aliyetumikiwa, na mara nyingi hayumo kwenye kamati ya mazishi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Marehemu hayupo tena kujisemea, na ya kwake yatakuwepo tu kama aliyeyapokea amepewa nafasi ya kuyasema.

Kanisa letu la Afrika Mashariki lina mfano wake, na uko Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni pale mwaka 1868. Mnara wa kanisa lao la zamani wengi huuita mnara wa Livingstone, kwa sababu Februari 1874 mwili wa David Livingstone, ambaye hakuwa Mkatoliki, ulilazwa hapo usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na nguo, wakaubeba kwa miguu miezi mingi hadi pwani. Waliokuwa mbele ni Abdullah Susi na James Chuma. Jacob Wainwright, aliyepata kusoma, ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye ule mti. Halima mpishi anatajwa katika shajara ya Livingstone mwenyewe.

Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe lake linataja mikono miaminifu iliyomleta. Mikono tu, hakuna jina. Wainwright alikuwepo siku ile, miongoni mwa waliolibeba jeneza. Wote wanne nimewataja hapa kwa makusudi, kwa kuwa mgeni akifika Bagamoyo huonyeshwa mnara wenye jina la aliyebebwa, na waliombeba huwasikia kama ana bahati ya kupata mwongozaji mzuri.

Mtume Paulo hakuandika namna hiyo. Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi wengi huiruka, wakisema ni orodha ya salamu. Isomeni polepole. Fibi amewasaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe. Priska na Akila walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Mama yake Rufo amekuwa mama kwake pia. Hata Tertio, karani aliyeshika kalamu, ametoa salamu kwa jina lake. Karibu kila jina lina kazi yake pembeni. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 44, anapoanza kuwasifu mababa mashuhuri, anasimama katikati na kukiri kwamba wapo ambao hawana kumbukumbu yoyote, kana kwamba hawakuzaliwa, na hao nao anawahesabu kuwa watu wa rehema.

Neno moja la tahadhari. Kukumbuka utumishi hakumaanishi kumpaka marehemu sukari. Kama mzee alikuwa mkali, kila mtu uwanjani anajua, na ukisoma kwamba alikuwa mpole watu watainamisha vichwa kuficha vicheko. Maandiko yameandika dhambi ya Daudi pamoja na zaburi zake. Mzee mkali aliyechimba kisima na kukataa kukitia kufuli anatosha kusifiwa kwa kisima chake.

Basi jumuiya ndogo ndogo zikikutana wiki hii, naomba mfanye hivi. Mkishamaliza somo, waulizeni wazee waliopo swali moja: nani alikufundisha katekisimu? Makatekista wengi wa zamani walitembea vijiji kwa vijiji bila mshahara wa maana, na kitabu cha marehemu cha parokia kina tarehe zao za kufa na kuzikwa tu. Mzee akikutajia jina, mwulize pia alitoka wapi, alikuja kwa miguu au kwa baiskeli, alimfundishia chini ya mti gani, alipenda kusema nini. Katibu aandike kwenye daftari la jumuiya, si kwenye simu itakayobadilishwa mwakani. Anayejua zaidi aongeze. Na mkipata msiba kabla ya mwezi kwisha, mwandishi wa wasifu asikae ndani na ndugu peke yao. Atoke uwanjani, apite kwa majirani na wale wageni wasiojulikana waliokaa nyuma, awaulize marehemu aliwafanyia nini, na majibu yao ayaandike kabla ya habari za hospitali.