Kalamu na Ng'ombe wa Shaba

Je, yafaa mtu kumiliki chombo asichokitumia? Wako wakusanyao kalamu za wino za Italia, kama zile za Aurora, kampuni iliyoanzishwa Torino mwaka 1919, wakazilaza katika makasha ya mahameli. Wenye kubeza huuita upuuzi. Mimi sina haraka ya kuwahukumu, maana Karagwe ya kale, iliyokuwa pamoja na Kyerwa ya leo, ilijua ladha hiyo. Stanley alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina, na ndani yake ng'ombe wa shaba. Hakuna aliyelalamika kwamba hawakamwi! Walifanywa watazamwe, na mgeni akiwatazama aliujua ukuu wa mwenyeji wake na ustadi wa wahunzi.

Lakini kalamu imefanywa iandike. Ulaini wa ncha yake ya dhahabu jicho haliuoni. Mkono huujua juu ya karatasi. Basi aliyeifungia kalamu kashani amenunua nusu yake tu. Naye mwenye kalamu kumi aweza kuzijaza wino kwa zamu, hata kwa barua ya kumjulia hali mamaye kijijini.