Maji Yaliyomo Ndani ya Mbata

Sote katika nchi hii ya minazi, tangu Rabai hata Kilifi na Malindi, twajua ya kuwa nazi ikipasuliwa na kuanikwa juani hupungua uzani. Lakini hapana aliyeyaona maji yake yakitoka. Yamekwenda wapi?

Wataalamu wa ilimu ya maumbile wametueleza kuwa maji hayangoji kuchemka ndipo yageuke mvuke. Chembe zake zatikisika daima, na zile zenye mwendo mkali zaidi huchopoka zikaingia hewani, hata kwa joto la mchana wa kawaida. Jua na upepo huzidisha kazi hiyo. Nyama ya nazi mbichi, ambayo karibu nusu ya uzani wake ni maji, ikiwa mbata kamili hubakiwa na maji kiasi cha sehemu 6 katika 100. Basi kilo 100 za nyama mbichi hutoa mbata kama kilo 53.

Hapa ndipo lilipo suala letu. Mtu aanikaye kwa haraka, kisha akaipeleka mbata mizanini ingali na maji, hakusema uongo kwa ulimi wake, na mizani yenyewe ni sahihi. Je, amedhulumu?

Wako wasemao kuwa mnunuzi ana macho yake. Sisi twaona jibu limekwisha tolewa. Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona, kisha akamkana mwenye kughushi. Mtu yule hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kuficha.

Tena madhara hayaishii kwenye fedha. Mbata yenye maji hushika kuvu, na kuvu nyingine huzaa sumu ya kudhuru ini.

Basi mwenye dhiki na auze, lakini aseme wazi kuwa mbata yake haijakauka, na bei iteremke. Ama kuandikiwa kombe la baraka ya biashara, huku maji yauzwa kwa bei ya mbata, ni kujidanganya. Mvuke hatuuoni sisi. Aupandishaye auona, na yaliyobaki ndani ayajua.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.