Kwa Kijana Aliyekabidhiwa Ufunguo wa Stoo

Mwanangu, nimesikia wamekukabidhi ufunguo wa stoo ya kiwanda cha rangi. Hongera. Watu huidharau kazi hiyo, huona ni ya kuhesabu makopo na kusaini karatasi. Mimi niliyeifanya mpaka nikastaafu nakwambia humo ndani mna tina, asetoni, tolueni na spiriti, na wote wanaofanya kazi upande wa pili wa ukuta wako mikononi mwako.

Kabla ya mengine yote, elewa kwamba kinachowaka si kile kimiminika cha kwenye pipa, ni mvuke wake. Kila kimiminika kina kiwango cha joto ambacho kikifikiwa, mvuke wake unatosha kushika moto ukikutana na cheche. Dizeli mpaka ipashwe ipite nyuzi 50. Tolueni inataka nyuzi 4 tu. Asetoni hata ukiiweka kwenye baridi ya nyuzi 17 chini ya sifuri, mvuke huo inao. Sasa pima mwenyewe: Dar es Salaam, mwezi wa pili, chini ya bati. Pipa likiachwa wazi, kinachokosekana ni cheche tu.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Wa tolueni umeizidi mara tatu. Haupandi ukatokea dirishani. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapenya chini ya mlango, unajaa mferejini, na ukikuta moto huko mbali, ndimi zinarudi kwa njia ileile hadi kwenye pipa. Kwa hiyo usiridhike na madirisha ya juu, dai matundu ya hewa usawa wa sakafu. Na yule mama lishe anayepikia nyuma ya ukuta, msimfukuze. Mwendeeni kwa adabu, mtafutieni mahali pengine penye wateja.

Kiberiti kila mtu anakiogopa. Kumimina ndiko wasikokuogopa, na mimi ndiko ninakokuhofia zaidi. Tolueni ikipita kwenye mpira inazalisha umeme tuli, ambao huuoni mpaka uruke cheche kati ya pipa na ndoo. Tumia ndoo ya chuma, achana na ya plastiki. Chukua waya wenye vibanio, bana upande mmoja kwenye pipa na mwingine kwenye ndoo, na pipa lenyewe liwe limeunganishwa na ardhi. Usibane juu ya rangi, maana rangi inazuia umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae. Mpira ufike chini ya ndoo, kimiminika kisianguke kutoka juu kikarukaruka, na usiwe na haraka. Ukimaliza, funga kizibo kwanza ndipo uondoe vibanio. Msimamizi atasema unachelewesha uzalishaji. Mwache aseme.

Halafu kuna mapipa matupu. Watakufuata mafundi wanaotaka kuyakata wapate majiko na matangi, na bei watatoa. Wengi hudhani hatari imekwisha pipa lilipokwisha. Wapi! Lililojaa halina nafasi ya hewa. Hilo ulilomaliza lina mabaki chini na hewa tele juu, na mvuke wa tolueni ukifika asilimia 1 na kitu ya hewa hiyo, tayari unaweza kulipuka. Fundi akigusisha grinda au moto wa kuchomelea, mfuniko unamrukia usoni. Usiuze wala kugawa pipa, hata kwa shemeji yako. Lifunge, lirudishe kwa aliyeleta mzigo. Fundi akikwambia linanuka kidogo tu, basi keshajibu mwenyewe.

Angalia pia nani analala na nani. Klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea na peroksaidi ya hidrojeni haviwaki kama petroli, lakini vinaulisha moto oksijeni. Vikae stoo nyingine kabisa. Kule Beirut, tani 2,750 za amoniamu naitreti, nayo ni ya ukoo huohuo, zilishushwa kutoka meli iliyokuwa safarini kwenda Beira, Msumbiji, zikawekwa ghalani bandarini. Barua zilizunguka ofisi hadi ofisi kwa miaka, mzigo ukabaki palepale. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala likashika moto, na mlipuko uliofuata ukaua watu zaidi ya 200. Kwa hiyo ukiandika barua kwamba mzigo fulani haufai kukaa hapo, usidhani umemaliza kazi. Fuatilia mpaka lori lije.

Matambara yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe yakirundikwa, yakawaka usiku bila kuguswa na mtu. Yatie kwenye pipa la chuma lenye maji na mfuniko. Mitungi ya kuzimia moto iwe ya unga mkavu au povu, tena ikae nje ya mlango, si ndani. Maji usiyamwagie tolueni inayowaka, itaelea juu yake na kusambaa.

Na daftari lako liwe na nakala getini kwa mlinzi: kipo nini, lita ngapi, kona ipi. Irekebishe kila jioni. Moto ukitokea, toa watu, piga 114, na Zimamoto wakifika wakabidhi hiyo nakala kabla hawajafungua mpira wa maji.